Sikio la Kulia

Sikio la kushoto lilikufa kwa homa nikiwa mtoto.
Hili la kulia ndilo ninalolimia.

Kila Jumanne, kabla jua la Ibra halijaanza kudai deni lake,
nalibandika kwenye magome ya mitende, mmoja baada ya mwingine,
kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito,
nisikilize kama kuna anayetafuna.

Kwanza tulipoteza ndimu.
Matawi yalichipua vijani vidogo, vyeupe, vimesongamana,
fagio juu ya fagio,
na mti ukishaota mafagio, wa kufagiwa ni wewe.
Tuling'oa kumi na saba.
Mwaka ule achari tulinunua dukani;
mume wangu aliila amenuna, na sahani akaimaliza.

Kisha kikaja kidudu cha asali.
Makuti yakanata, bamia chini yake zikavaa masizi,
shuka nilizoanika zikarudi ndani na vumbi lake.
Wizara ikaleta helikopta.
Tukafunika mitungi, tukafungia mbuzi,
ila nyuki wa Nasra
hakuna aliyewapa taarifa.

Sasa ni fukusi.
Mwekundu, pua ndefu kama jirani.
Tumemtegea ndoo ya tende zilizochacha
na kifuko cha harufu kinachomwita kama mwaliko wa harusi.
Anakuja amependeza. Anazama.
Mofizul huwahesabu, huandika ukutani kwa mkaa,
kwa tarakimu za kwao Silheti.
Mimi nasoma urefu wa mstari tu: mrefu, mrefu zaidi.

Mtende wa mlangoni ni khunaizi.
Mamamkwe alinipa chipukizi lake
mwaka wa nne wa kutosemeshana.
Hakusema nisamehe.
Alisema: chimba shimo.

Mwezi wa tano, gharbi ikivuma kama tanuri lililoachwa wazi,
nikasikia.
Kama mtu anayekula muwa chumba cha pili
na hataki kukukaribisha.

"Upepo, mama," akasema Mofizul.
Akaja Muatasim wa wizara na chombo chake,
waya mmoja kwenye shina, vidude viwili masikioni,
akafumba macho kama anayeswali.
"Mzima huu," akasema. "Tazama mikungu: mitano!"
Mitano kweli, kijani, imejaa.
Mgonjwa naye hujipamba siku ya wageni.

Nikangoja siku tisa. Hizo siku tisa ni zangu,
simtupii mtu.
Siku ya kumi shina likatoka jasho la kahawia
lenye harufu ya unga uliochachuka.

Tukaukata.
Ndani, mahali pa moyo, palikuwa na makapi,
na funza wanene kama vidole vya mtoto,
na wengine wamelala katika vifuko walivyojisokotea
kwa nyuzi za mti uleule.
Muatasim akavitoa vile vidude masikioni
ingawa havikuwa vimeunganishwa na kitu.
"Bi Shinuna," akaanza, "mimi..."
Nikamwambia: chimba shimo.

Akachimba. Na shati lake la ofisi, akachimba.
Tukautia vipande vipande, tukauchoma, tukaufukia,
na mikungu yake mitano.

Zamu yetu ya falaji huja saa tisa usiku.
Nusu saa ya maji, hapa huitwa athar;
mimi kwa Kiswahili cha mama huongeza irabu moja
na neno linabaki lilelile:
kitu kimepita hapa.

Usiku ule nikafungua kizibo cha mfereji kwa mguu, kwa mazoea.
Maji yakakata kona mlangoni,
yakaingia kwenye jaluba la khunaizi,
yakazunguka yakitafuta shina.
Mofizul akainuka kuyaziba. Nikamshika mkono.
Yamelipiwa haya. Yaache yazunguke.

Asubuhi ni Jumanne.
Wa pili kutoka mlangoni ni naghali, miaka kumi na mitatu.
Nikavua shungi upande wa kulia.