Baki Moja

Lori la baba tuliliuza Gyumri, mwezi wa theluji,
kwa dramu milioni moja kamili.
Manvel alivunja hadi kibubu cha mwanawe kuitimiza.
Watoto saba, viti sita.
Mimi kitindamimba nilisimama, mgongo ukiota jiko.

Dada Varsenik, karani wa kiwanda cha soksi,
alilamba ncha ya penseli, akagawa kwa saba
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
laki moja na elfu arobaini na mbili,
mia nane hamsini na saba, kwa kila kichwa.
Baki, moja.
Kisarafu cha alumini, chepesi kama ganda la kitunguu.
Hakuna aliyekitaka. Nikakitia mfukoni.

Ndipo Knarik akamsukumia Zhirayr kikaratasi cha fungu lake:
"Wewe ndiye uliyelala chini ya lori na baba,
oili ikikudondokea machoni. Chukua."
Varsenik akajumlisha. Akanyamaza.
Akaipeleka bahasha dirishani kwenye mwanga.

142857
285714

"Njooni mwone. Tarakimu ni zilezile,
zimehama viti tu."

Smbat, ambaye hata chumvi huitoa kwa kuipima,
akatoa lake, kwa udadisi nadhani, si kwa huruma:
428571.
Haykanush, akipenga kamasi: 571428.
Hrachya, aliyefika alfajiri kwa basi la Krasnodar
na bado hajavua koti: 714285.
Varsenik akaandika la kwake bila kuinua macho:
857142.

Moja, nne, mbili, nane, tano, saba.
Aliye kichwani safari hii, safari ijayo yu mkiani,
na anayemfuata ni yuleyule wa siku zote.
Sifuri hakualikwa. Tatu, sita na tisa
hawakubisha hata hodi.

Nikatoa langu. Nilitaka kuona nani atakaa wapi.

999999.

Hakuna aliyekaa popote. Wote sita wametoweka,
na tisa, yule asiyealikwa, amejaa nyumba nzima.
Varsenik akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi,
akaivaa tena. Tisa tupu.

Usiku uleule tukamrudia Manvel na fuko la fedha.
Alihesabu akilowesha kidole gumba, noti kwa noti,
kisha sarafu, kisha akatutazama.
"Imepungua moja."
Zhirayr akacheka. Manvel hakucheka.
Akangoja, funguo zikining'inia kwenye kidole chake,
mpaka nikakumbuka mfuko wangu.

Lori lilikataa kuwaka.
Basi tukalirudisha nyumbani kwa mikono,
mmoja usukanini, sita nyuma,
na kila vidole vilipokufa ganzi
tulibadilishana nafasi.