Shanga Thelathini na Saba

Jino la tatu limeng'oka Jumanne
bila kelele, bila damu nyingi,
kama msumari kwenye ubao uliooza.
Daktari Niemi akalilaza juu ya pamba:
jeupe, zima, halina hata tundu.
"Jino halina kosa," akasema. "Kosa ni la udongo."

Signhild, mdogo wangu, ana miaka kumi na tisa
na fizi za ajuza.

Tangu utotoni, kila jioni, sindano ya paja.
Hukaa kwenye friji kati ya siagi
na jemu ya matunda ya kinamasi.
Nilijifunza siku za juma kwa mapaja yake:
leo kulia, kesho kushoto.
Mama alisema dawa inaziamsha seli nyeupe
zilizolala ndani ya uboho, zisizojua mlango uko wapi.

Zikaamka. Hilo tusilikanushe.
Kabla ya sindano, watoto wa ukoo huu hawakufika mbali.
Katika daftari la kanisa, huku kwenye mto Kalix,
kasisi ameandika wanne wa nyumba moja:
Aron, Edla, Aron tena, na mmoja asiye na jina.
Jipu, ameandika. Jipu. Homa. Jipu.
Wawili walisubiri kibandani hadi Mei,
ardhi ilipokubali jembe.

Sasa tuna namba. Maabara ya Luleå huzituma,
Mama huzibandika mlangoni mwa friji, namba nzuri.
Basi mbona fizi?

Daktari akatuchorea nyuma ya bahasha.
Seli zimefika, akasema, ila mikono mitupu.
Mfukoni mwao palipaswa kuwa na uzi mdogo,
shanga thelathini na saba,
mbili za mwanzo zimefanana kama pacha.
Bakteria akija, uzi hujikunja,
hujichomeka katika ngozi yake ya mafuta,
naye huvuja, hunywea,
kabla mwili haujajua kama ulikuwa na mgeni.
Hausubiri amri, uzi huo. Haukufunzwa na mtu.
Tunazaliwa nao, kwenye jasho, kwenye mate,
kama bahari ilivyozaliwa na chumvi.

Mate ya Signhild yalipimwa.
Hamna hata ushanga mmoja.

"Nikimbusu mtu," akauliza, "atajua?"
Daktari akacheka, kisha akaacha.

Nyumbani tulikunywa kahawa yenye vipande vya jibini,
chakula kisichodai meno.
Mama akasimulia habari ya Bibi Hilma
aliyetia chura hai ndooni, maziwa yasichache.
Tulizoea kumcheka. Safari hii hatukucheka:
hata ngozi ya chura ina shanga zake,
na kikongwe aliyezika wanne
alikuwa akitafuta, gizani, kwa mikono,
kitu alichokikosa wapi asijue.

Usiku nachochea jiko.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
nami nazisogeza, kichwa kwa kichwa:
moja ina kaa jekundu,
nyingine inatoa moshi tu, na maji yanachemka kwenye gome lake.
Napuliza. Kuni za mbetula hazina haraka.
Mimi ninabeba nusu ya kasoro ileile.
Nusu haiumi. Nusu haina hata dalili ya kumwonyesha mtu.

Kisha tunapiga mswaki, bega kwa bega,
yeye taratibu, kwa brashi laini ya mtoto,
akilizunguka kila jino kama anayefuta vumbi
kwenye vyombo vya kuazima.
Natema. Nayatazama mate yangu kwenye sinki:
utajiri wote ule, na sikuwahi kuushukuru.
Yeye anatema juu yake, povu jekundu kidogo.
"Sogea," ananiambia, "unanizibia taa."

Nasogea.
Maji yanayabeba yote, yake na yangu,
bomba ni moja.