Matanga ya Spoki

Nilimwita Spoki kwa sababu ya masharubu,
meupe, membamba, yamenyooka huku na huku
kama spoki za ringi mpya.
Aliingia kibandani mwaka wa mvua kubwa,
akalala ndani ya tairi bovu,
na nilipolitaka tairi langu akanitazama
kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Basi tukaishi,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani:
mimi na spana namba kumi na tatu,
yeye na usingizi wake unaohama na kivuli,
kutoka benchi hadi pampu, kutoka pampu hadi mapajani.
Mwanamvua alipokwenda Muheza kwa mamaye, asirudi,
Spoki ndiye aliyebaki kugombania vichwa vya dagaa.
Sikumwambia mtu.
Mwanamume wa miaka hamsini na minane
hasemi paka ndiye mwenzake.

Jumatano panya walitafuna tyubu tatu za dukani.
Nikanunua dawa pale Mgandini,
ile ya pakiti ya rangi ya waridi, shilingi mia tano.
Nikaichanganya na sembe, nikaisukuma nyuma ya kabati.
Nilifikiri, wallahi nilifikiri:
paka hali sembe.
Sikufikiri kwamba panya atakula sembe
na paka atakula panya.
Hesabu ya darasa la pili, na nikaikosa.

Alhamisi adhuhuri alikuja kunifia miguuni.
Nilikuwa nimeshika gurudumu la mtu,
likaendelea kuzunguka peke yake, tik, tik, tik,
mpaka nalo likachoka.

Nikamviringisha kwenye kanga aliyoiacha Mwanamvua.
Maandishi yake yalishapauka,
sikuweza kuyasoma hata pale nilipohitaji ushauri.
Nikamfunga kwenye keria kwa mpira,
nikapiga pedeli hadi Pongwe kwa mdogo wangu Kilua,
mkonge kushoto, mkonge kulia,
na kila shimo la barabarani nikasema, samahani.

Kilua akauliza, unachimbia nini?
Nikasema, mzigo.
Akautazama mkia uliochungulia kwenye kanga,
akaenda ndani, akarudi na jembe la pili.

Mjini wakanicheka, si kwa ubaya.
Mzee Semkiwa akaegemea mlango:
Paka wamejaa soko zima, fundi, okota mwingine.
Ni paka tu.
Hiyo *tu*, nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo.
Mji wetu unaitwa Tanga,
lakini nani atamkalia paka matanga?
Hakuna jamvi, hakuna buli la kahawa,
hakuna daftari la kuandika nani kaleta nini.
Nikaziba pancha. Sita siku ile.
Ya saba nikaibandika kiraka mahali palipokuwa pazima.

Jumatatu akaja Mishi, mtoto wa muuza mihogo,
anakokota baiskeli, cheni imetoka.
Akainama chini ya benchi.
Yuko wapi?
Amekufa.
Akaifuta mikono kwenye sketi ya shule,
akanipa mkono kama watu wazima wanavyopeana:
Pole kwa msiba.
Kisha akafungua kiganja kingine, sarafu ya mia mbili,
ya maandazi, nadhani.
Rambirambi, alisema.

Nikamwambia, ni mimi niliyemuua.
Sijui kwa nini nilimwambia mtoto.
Akanyamaza. Akakwaruza vumbi kwa kidole cha mguu.
Ulitaka?
Sikutaka.
Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea chenji na kuihesabu.
Na cheni yangu je?

Nikairudisha cheni. Sikumtoza.
Ile sarafu ipo kwenye kopo la nati; siitumii, siirudishi.

Panya wamerudi, nawasikia.
Juzi mtu alilitaka lile tairi bovu la kufungia bembea,
nikamwambia lina mwenyewe.
Na kila asubuhi, nikiufungua mlango wa kibanda,
naufungua kidogo kidogo bado,
nisije nikambana.