Mashine Isiyo na K

Mashine yangu haina K.
Mkono wake ulikatika mwezi wa tatu,
katikati ya neno, mteja akiwa amesimama hapo,
na fundi wa Nyawera akaniambia: Mama,
chuma cha namna hii hakizaliwi tena.

Basi naruka nafasi, halafu najaza kwa kalamu.
Ndiyo maana mikataba ya Kadutu,
ya nyumba, ya pikipiki, ya deni la unga,
ina K za wino wa bluu, zimeinama kidogo
kama watu wanaopanda Buholo na ndoo kichwani.

Leo wamekuja wawili, matope hadi magotini:
Zihindula wa juu, Mama Ntakwinja wa chini.
Mvua ya Jumapili imeteremsha udongo.
Hakufa mtu. Choo kimekwenda. Ukuta umekwenda.
Na mti wa avoka wa Zihindula
umeshuka mita tisa, wima, na matunda yake,
ukasimama nyuma ya jiko la Ntakwinja
kama mgeni aliyekosea mlango akaona haya kurudi.

Wananipa karatasi ya zamani. Naisoma kwa sauti:
*Mpaka ni mti wa avoka.*
Nukta. Mihuri miwili. Mashahidi watatu, mmoja marehemu.

"Umesikia?" anasema Zihindula. "Mpaka ni mti.
Mti umeshuka, na paseli yangu imeshuka nao."
"Jiko langu, je, liko kwako?
Basi njoo uoshe vyungu!
Avoka zinaangukia bati langu, nitazila mimi."

Wanataka mkataba mpya, leo, kabla bureau haijafungwa.

Wenye shule wanasema mkataba ni neno la kuandika,
ndugu wa kitabu, wa katibu, wa maktaba.
Sibishi. Lakini sisi wa hapa
tunasikia *kata* imekaa ndani yake na kisu chake:
kata bei, kata kesi,
kata undugu.
Babu yangu, kule Walungu, hakuandika kitu.
Alimpa mwami ng'ombe, wakaita kalinzi,
na kilima kizima kikamwona ng'ombe akipita.
Ng'ombe hakosi herufi.

Natia karatasi. Napiga: *M ataba.*
Ntakwinja anachungulia: "Mbona lina pengo?"
Namweleza habari ya mkono uliokatika.
Anafikiri. "Hakuna neno ambalo mashine yako inalimudu?"

Yapo.
*Ahadi* haina K, wala haina shahidi.
*Agano* haina K, lakini ni la kanisani,
tena ukiagana na mtu, unaweza kuwa unamwacha.
*Mapatano* inapita yote, herufi kwa herufi,
bila kuomba kalamu.
Ila mapatano huandikwi kabla hujapatana,
na hawa wawili bado hawajaangaliana usoni.

"Andika mkataba," anasema Zihindula. "Bureau wanalijua hilo."

Haya. Mpaka tuandike nini?
Jiwe? Mawe ya hapa yana miguu.
Mfereji? Ulikuwa wapi mwaka jana?
Ngazi ya kanisa? Wote wawili wanacheka,
kwa mara ya kwanza, kwa sababu wanaijua ngazi ile:
imebaki nusu, nayo inaelekea ziwani.

Kimya. Muuza maharage anapita.
Kisha Ntakwinja, taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Andika: mti ukihama, tutakuja tena."

Zihindula hakusema ndiyo.
Alichukua kalamu yangu bila kuomba,
akajaza K ya kwanza, kubwa, ya mtu aliyeacha shule mapema.
Ntakwinja akajaza ya pili, ndogo, imejikunja.
Kumi na saba zilizobaki wakaniachia mimi.

Faranga hazikutosha. Wameongeza avoka mbili,
ngumu kama mawe. Nimeziweka kwenye droo,
pamoja na ule mkono uliokatika.
Kila asubuhi nazibonyeza kwa kidole.
Bado.