Hakuna Kitakachobadilika

Barua ilifika Jumanne ya Machi, saa tatu kasorobo,
ikapitia katika seva ileile iliyouzwa,
kama ng'ombe anayepeleka mwenyewe hati ya kuuzwa kwake.
"Mteja mpendwa," ilisema, "hakuna kitakachobadilika."
Niliisoma nimesimama.

Mimi Maarika Lepik, karani wa ushirika wa maziwa, Põlva,
mtunza seva kwa sababu miaka kumi na miwili iliyopita
ni mimi peke yangu niliyesoma kitabu cha maelekezo hadi mwisho.

Seva yetu ni Tuvi. Kwa lugha yetu, njiwa.
Inakaa chini ya ngazi, kando ya ndoo na fagio,
ikinipumulia joto kwenye vifundo vya miguu.
Wafugaji mia mbili na sita huandikia humo:
kiwele kimevimba, lori limechelewa, theluji imefunga njia,
na mzee Elmar, kila Ijumaa, swali lilelile
kuhusu kiwango cha mafuta katika maziwa yake.

Waliomtengeneza Tuvi ni ndugu wawili wa Tartu.
Ukipiga simu, anapokea Urmas, mdomo umejaa mkate.
"Subiri," anasema, "usiguse kitu,"
kisha unasikia vibonye vyake vikinyesha.
Huo ndio uliokuwa mkataba wetu. Ule mwingine ulikuwa karatasi.

Nimejifunza kuzisoma barua za namna hii
wasomavyo mawingu wale walioacha nyasi zao shambani.
"Tunafurahi kukutangazia": tafuta kalamu.
"Familia kubwa zaidi": bei.
"Kwa manufaa yako": bei.
"Toleo lako litahudumiwa hadi Desemba":
hesabu miezi, vidole vitabaki kimoja.
"Hakuna kitakachobadilika": kimeshabadilika,
la sivyo nani angehangaika kuandika?

Aprili, nembo. Njiwa akapoteza miguu,
kisha mdomo, akabaki mkunjo wa buluu.
Juni, leseni iliyokuwa ya mashine ikawa ya vichwa.
Vichwa mia mbili na saba, walisema;
wamemhesabu na marehemu Aino,
ambaye sikuwahi kupata moyo wa kumfuta.

Septemba, usiku, foleni ikaganda.
Barua elfu moja na mia nne zimekaa kizingitini
na lori la saa kumi alfajiri halijui lianzie wapi.
Nikapiga namba mpya. Ikanipa piano,
kisha tiketi ya tarakimu tisa,
kisha kijana mwenye adabu, mbali, kulikokuwa mchana,
akaniomba nitaje jina la bidhaa, herufi moja moja.
T, nikasema. U. Koo likakwama.
Si kosa lake. Alikuwa na wiki mbili kazini,
anasoma kitabu kilekile, yupo ukurasa wa nane.
Nikamwambia aruke hadi wa arobaini.
Akashukuru. Nilimsikia akiandika.

Saa saba na robo simu yangu ikaita.
Safari hii mdomo haukuwa na mkate.
"Siruhusiwi kukuhudumia," alisema Urmas. "Nimetia sahihi.
Ila ningekuwa na jirani ambaye njiwa wake haruki,
ningemwuliza cheti kinaisha lini."
Akakata.
(Dereva wa lori ni binamu ya mkewe.
Huku kwetu habari hazingoji seva.)

Kilikuwa kimeisha saa sita kamili, usiku uleule.
Nikakihuisha. Foleni ikaanza kushuka,
elfu moja, mia tisa, mia tatu,
na ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya Elmar. Mafuta.

Siku hizi watu wa ushirika wa Võru huniuliza
mauzo yakiwafikia watarajie nini.
Nawaambia: andikeni tarehe za vyeti ukutani
kwa wino usiofutika. Hamisheni nakala zenu
kabla hamjaambiwa kwamba hamna haja.
Mfuteni marehemu, mkiweza.

Mimi bado sijaweza. Namlipia Aino
yuro nne na senti tisini kila mwezi,
na kila mwezi kisanduku chake kinapokea, kabla ya changu,
"Mteja mpendwa."