Kadi ya Mia Mbili na Kumi na Moja

Dada yangu Maëlys anakariri dunia
kwenye meza ya jikoni, hapa Lens,
na mimi ndiye mshika kadi,
vidole vyangu vikinuka mafuta ya chipsi.

Mji mkuu wa Moldova? Kishinau.
Tetesi ni nini, na kashfa ni nini?
Anajibu huku akitafuna kifuniko cha kalamu.
Mgodi wa mwisho wa mkoa wetu ulifungwa lini?
Desemba, mwaka wa tisini.
Sahihi. Kadi haina nafasi ya kuuliza
babu aliamka saa ngapi kesho yake,
alivaa nini, akaenda wapi.

Chuo kiko Lille, mwendo wa treni.
Viti arobaini, waombaji mia nane,
yaani kila kiti kinagombewa na watu ishirini
na mmoja wao anaazima viatu vyangu vya mvua.
Wenzake wa Paris wana walimu wa kulipwa.
Yeye ana mimi, na magazeti
anayopewa na daktari wa meno, Bwana Vandaele,
wagonjwa wakishayachoka, miezi mitatu baadaye;
kwa hiyo tuko imara sana
kwa habari za Novemba.

Jumanne moja akasema: Nipe neno, kama watakavyonipa wao.
Nikaangaza macho, nikaona friji, nikaona paka.
Nikasema: Ufunguo.
Muda wa saa tatu, herufi elfu tatu.
Akavaa koti, akatoka mvuani na daftari
na wale askari wake sita wa siku zote:
nani, nini, lini, wapi, vipi, kwa nini.

Alirudi baada ya saa tano.
Koti chapachapa, daftari kavu kifuani.

Bi Ghislaine, aliyekuwa akikata tiketi
kwenye bwawa la kuogelea la manispaa
kabla halijafungwa (walisema ni kwa muda;
muda una miaka sita sasa),
bado anao ufunguo. Hakuna aliyekumbuka kuudai.
Kila Jumanne huingia kwa mlango wa nyuma,
huwasha taa zile ambazo bado zinawaka,
hupiga deki ukingo wa shimo lisilo na maji,
hupanga kofia za mpira za watoto, nyekundu na nyekundu,
huzima, hufunga, huenda zake.
Kwa nini? aliuliza dada yangu.
Akajibu: Vumbi halijui kuwa tumefungwa.
Halafu, mlangoni: Usiniandike, mwanangu.
Watakuja kuuchukua.

Maëlys aliandika. Ni zoezi tu, alisema.
Alinisomea mara moja, kwa sauti ya chini,
na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumsahihisha.
Kisha akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kwenye kopo la kahawa, lile lisilofunguka vizuri,
akavuta kadi mpya, ya mia mbili na kumi na moja,
akaandika mbele: Habari ni mali ya nani?

Nimeigeuza kadi hiyo mara nyingi.
Nyuma ni nyeupe.

Mtihani ni kesho. Treni ya saa kumi na mbili na robo.
Yeye amelala, redio ikinong'ona chini ya mto.
Mimi niko kibandani, mafuta yanachemka,
foleni imefika hadi kwenye maegesho,
na mbele yangu, kofia ya sufi, sarafu zimekwisha kuhesabiwa,
Bi Ghislaine.
Shingoni ana uzi wa kijani unaozama ndani ya sweta.
Najua kinachoning'inia mwisho wa uzi huo.
Najua nani, nini, lini, wapi, vipi.
Nyuma yake wanamlalamikia meya,
wanalilalamikia bwawa, watoto wasiojua kuogelea;
ningeweza kuwapa kichwa cha habari, bure,
pamoja na chipsi.

Chumvi? namwuliza. Siki?
Siki nyingi, anasema.
Nikamwagia nyingi.