Jina Moja kwenye Mkataba

Tuliondoka Dauphin Jumanne, saa kumi alfajiri,
kwa lori la kukodi, jina langu, leseni yangu, kadi yangu ya benki,
paka wangu kapuni akilia kama bawaba kavu.
Chako kilikuwa kodiani ya marehemu mama yako,
buti jozi mbili,
na lile jambo.

Lile jambo. Hatujawahi kuliita vinginevyo.
Anayelijua jina lake kamili ni karani wa mahakama;
amelipa na nambari, tarakimu tisa,
nimezihifadhi kuliko siku ya harusi ya dada yangu.
Nyaya za shaba, kilo mia mbili,
kutoka ghala la ngano lililokwisha kufungwa.
Uliitwa mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi. Hukufika.
Unasema siku hiyo mlikuwa mnamzika mama.
Nilikuwepo mazikoni, Orest. Ilikuwa Alhamisi.
Shauri lako liliitwa Jumatano.

“Hati haivuki jimbo,” ulisema,
ukichora Kanada kwa kidole kwenye ukungu wa kioo.
“Nani atanilipia nauli ya kunirudisha kwa ajili ya nyaya?”
Huenda ni kweli.
Nilimpigia wakili wa msaada, nikajifanya naulizia binamu.
Akakaa kimya kidogo, kisha:
mwambie binamu arudi, asimame mbele ya hakimu nusu saa,
pengine ni faini tu.
Nusu saa.
Nasi tumeendesha siku nne.

Kwenye kibao cha Ontario ulipiga makofi,
ukafungua dirisha, baridi ikaingia na kuketi katikati yetu.
Mimi macho kwenye mshale: tisini, daima tisini,
kama bikizee anayewahi misa asiyetaka kuwahi sana.
Tukafika mji uitwao Wawa, na kweli ngozi iliniwawa:
gari la polisi nyuma yetu, kilomita saba,
nawe ukateremka kitini polepole
hadi ukawa koti lililosahauliwa.
Lilikata kona kwenda kununua kahawa.
Hatukucheka. Zamani tungecheka.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
na ukingo wa nchi hii ni Glace Bay,
nyumba ya mbao ya kijani, chumvi kwenye vitasa,
migodi ya makaa ikiwa imekufa chini ya bahari.
Bi. MacIsaac alitandaza mkataba juu ya friza,
akavaa miwani, akanyoosha kalamu.
“Na huyu bwana, tumwandike nani?”
Nikasema, haraka, kabla hujavuta pumzi:
“Huyu? Ananisaidia kubeba vitu.”
Ukabeba.
Ukabeba kitanda tulichonunua pamoja,
ngazi kumi na nne, mgongo umenipa,
na hukuniuliza kitu hadi usiku,
wala usiku hukuniuliza.

Sasa unafanya kazi ya fedha mkononi, kukwangua rangi za mashua.
Daktari wa meno humwendei; unatafuna upande wa kushoto.
Kodiani unaipiga ukiwa umefunga dirisha,
chini kwa chini, wimbo mmoja, kipande kile kile,
majirani wasije wakauliza ni nani yule.
Nambari ya wakili iko ndani ya kopo la sukari.
Umeshaiona. Najua, kwa sababu siku hizi
unakunywa chai kavu.

Leo imefika barua yetu ya kwanza,
bili ya umeme, jina langu limepigwa chapa sawasawa.
Uliishika, ukaigeuza mbele, nyuma,
ukatazama tena ndani ya kisanduku kitupu.
“Yangu haipo?” ukauliza, ukitabasamu kidogo,
nami nikasimama pale na viatu vyenye theluji,
nisijue kama umeshukuru
au umeumia.